Kanda ya Ta Rwegasira

Vuteni mkeka, wanangu, mje karibu na kitanda, maana sauti yangu hii iliyokuwa ikifika Kigoma na Lindi bila nauli leo haifiki hata mlangoni. Mwijage, zima simu. Nimesema zima, si kuilaza kifudifudi. Mimi ni mtu wa kamera, naijua simu inayorekodi hata ikiwa imelala. Wosia wangu sitaki urekodiwe, nataka usikilizwe. Annastella, wewe kaa hapo dirishani uangalie njia ya dukani, na ukimwona Evelyne anarudi na sukari, kohoa. Ndiyo, najua sukari ipo kabatini. Nimemtuma makusudi, kwa sababu maneno yangu mengi ya leo yanamhusu yeye, na hapaswi kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Na wewe Buberwa, mtoto wa marehemu kaka yangu, usisimame kama mpangaji. Keti, nyumba hii ni ya babu yako.

Daktari aliyekuja juzi ni kijana mpole. Nilimuuliza, figo zikishagoma mtu huondokaje, anasinzia tu au anaongea mpaka neno la mwisho? Akatazama viatu vyake. Nikamwambia, daktari, nimewahoji mawaziri waliotazama viatu vyao hivyo hivyo, wewe jibu. Akacheka, akasema wengi husinzia. Basi nikisinzia msinishtue kwa vilio, ila nikiwa bado naongea asinambie mtu nipumzike. Padre ameshanipaka mafuta, dhambi zangu anazo yeye na Mungu, ninyi hazitawahusu. Sitaki kuwadanganya: nina hamu ya kuona kuna nini huko. Maisha yangu yote nimepanda magari mabovu kwenda kuona kuna nini, na sasa imebaki safari moja ambayo hakuna mwandishi aliyerudi na habari yake. Mnadhani nitaikataa? Kinachonisikitisha ni kwamba sitapata pa kuirusha.

Mali tuimalize mapema. Kibanja hiki cha Nyanga hakigawanywi wala hakitoki nje ya ukoo. Kina makaburi, na makaburi hayahami. Buberwa atakilima, kwa kuwa ndiye anayejua mgomba upi umechoka na mkahawa upi unataka kupunguzwa matawi. Lakini atakayekalia kiti, omusika wangu, mrithi wa nyumba hii, ni Annastella. Mwijage, usikunje uso, wewe una Dar es Salaam nzima. Baba yangu alinitamka mimi, msichana, mbele ya wazee, nami namtamka msichana mbele yenu. Siku ile baba mdogo Karugendo alisimama akauliza, huyu wa kwenye televisheni atapalilia migomba kwa kipaza sauti? Mambo yakafika kwa wakubwa wa ukoo, nikashinda, na tangu hapo hatukuamkiana. Kumbe kila jioni ya taarifa ya habari alikuwa akienda kwa jirani mwenye televisheni, anakaa kiti cha mbele, na mtu akikohoa nikiwa nasoma anamtoa nje. Hayo nilikuja kuambiwa kwenye msiba wake, nikacheka huku nalia mpaka watu wakadhani nimerukwa na akili. Watoto wake wakija kwenye matanga yangu, wapeni nafasi ya mbele. Ugomvi ule uishie hapo.

Vitabu vyangu, haki yake ni yenu nyote, nayo itawanunulia chumvi. Mmenilaumu kwamba nilivipenda kuliko usingizi, na ni kweli, lakini hamjawahi kuuliza nilivitoa wapi. Nilivitoa kwenye vipande vilivyokatwa. Unakwenda kijijini, mtu anakufungulia moyo tangu asubuhi mpaka jioni, unarudi studio, mhariri anakwambia huyu mama mpe muda wa kupumua mara mbili, tuna tangazo la sabuni. Yale mengine yote yanabaki chini kama maganda ya ndizi. Mimi niliyaokota. Mwanamke aliyeniambia anamjua mumewe kwa kikohozi tu kwa sababu hakuwahi kumtazama usoni, alikatwa, nikamtia kwenye kitabu. Mvuvi wa Muleba aliyeogopa maji alikatwa, naye nikamtia kwenye kitabu. Televisheni ilinipa jina, watu wakaniita Ma Kemilembe wa televisheni, lakini kwenye vitabu ndiko nilikowalaza wageni wangu wote waliokosa kitanda.

Na udadisi huu sikujifunza chuoni. Marehemu mama alikuwa akinifinya wageni wakija, maana mgeni alikuwa hajamaliza kutafuna kahawa nimeshamuuliza ametoka wapi, na mguu wake mmoja umekuwaje mfupi. Alinifinya mapaja mpaka yakawa na mabaka. Halafu wageni wakishaondoka anakuja jikoni polepole, anainama, ananong'ona: amekwambia mguu umekuwaje? Kuuliza si ujinga, wanangu. Nilifundisha shule, nikaingia redioni, na televisheni ilipofika nchini nikawa miongoni mwa wale wa kwanza waliopakwa poda wakaketi mbele ya taa. Nikajifunza kwamba mtu hasemi kwa sababu ya swali lako. Husema kwa sababu umeuliza kisha ukanyamaza, na kimya kikamwelemea. Kuna mkubwa mmoja nilimuuliza kwa nini kisima cha wilaya yake kina uzio lakini hakina maji, nikanyamaza. Alikunywa glasi yake, akanywa na yangu.

Nipe maji nami. Kidogo tu. Asante.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe, jambo linalonizuia kuondoka kwa amani. Chini ya kitanda hiki mna sanduku la bati. Ndani yake mna kanda moja ya televisheni, na pamoja nayo flashi ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, aliyoihamishia Najibu, mpiga picha wangu wa zamani, alipoona ukungu umeanza kuila kanda. Hakuna mwingine aliyeitazama. Mwijage, wewe uliniomba tuiweke mtandaoni, ukasema, mama, dunia nzima itaangalia. Nikakwambia dunia nzima haikuuliza. Ulikasirika, na sikukueleza. Leo naeleza.

Siku moja, miaka ya tisini, mimi na Najibu tulikwenda Kimwani, kule Muleba, kumtafuta Ta Rwegasira. Mnaziona siku hizi nanga, hizi ala zetu za nyuzi, zimetundikwa hotelini kama mapambo. Huyu mzee alikuwa mpiga nanga kwelikweli, aliweza kukaa chini akaimba ukoo wake tangu jua linachomoza mpaka linaelekea kuzama, bila kurudia jina. Ila nanga yake ya ujana haikuwapo. Mwanawe, Gamaliel, baada ya kuokoka aliipasua kwa shoka akaitia jikoni, akasema nyumba ya Bwana haikai pamoja na vitu vya mizimu, kisha akahama na mkewe na watoto. Mzee alikuwa amechonga nyingine, bado inanukia mti. Tulimkuta anaifunga nyuzi.

Nami nikafanya kosa ambalo ni Mhaya aliyekaa sana mjini tu anayeweza kulifanya. Mzee alichuma tunda moja la kahawa, akalimenya, zikatoka punje mbili. Moja akaitia kinywani mwake, ya pili akaniwekea kiganjani. Nilikuwa na njaa tangu Bukoba, na nilikuwa naongea. Nikaitupa mdomoni, nikaimeza. Mgeni wetu hupewa kahawa ya kutafuna, nani asiyejua? Lakini ile ya wageni imechemshwa ikakaushwa, inaletwa kwenye kikapu na kila mtu anachukua zake. Punje mbili za tunda moja ni habari nyingine. Huo ni omukago, undugu wa kuchanjiana. Baba yangu alikuwa nao na mtu wa Kagondo, na watoto wa mtu yule tulikatazwa hata kutaniana nao kwa habari za kuoana, maana ni ndugu zetu. Niliyajua yote hayo, nikagutuka wakati punje imeshapita kooni. Mzee akasema, "Damu tuiache, waitu, siku hizi damu ina magonjwa. Lakini kahawa umeila. Umekuwa ndugu yangu, na ndugu hatumii cha ndugu yake bila ruhusa." Najibu alicheka mpaka kamera ikatikisika. Ukiitazama kanda utadhani kulikuwa na tetemeko.

Basi akapiga. Wanangu, mimi nimesikia mengi, lakini pale nilisahau kwamba niko kazini. Aliimba babu zake, aliimba njaa, aliimba rweya, mbuga yetu ya nyasi, ilivyokuwa kabla hakijapandwa kitu, na mwishoni, sauti imeshakwaruza, akamwimbia mwanawe Gamaliel. Alichomwimbia sitawaambia, kwa kuwa wa kwanza kukisikia ni wa damu yake. Nawaambia kimoja tu: laana haimo. Alipomaliza nikamwambia, Ta, hii nitamfikishia Gamaliel mwenyewe. Akaweka nanga chini. Akasema alikwisha kumtumia wazee, zaidi ya mara moja, na Gamaliel akawarudisha mlangoni. Neno la baba likirudishwa mlangoni halipelekwi tena. Hufuatwa. Akanibana kwa kahawa ile niliyoila: nisimpelekee mtu, nisiitangaze, nisimdokeze yeyote kwamba kuna kitu cha kuuliza. Nikae nayo mpaka mmoja wa damu yake aje, kwa hiari yake, aulize habari za Rwegasira. "Chakula ukimpelekea aliyesusa atakimwaga," alisema. "Mwenye njaa atakuja mwenyewe."

Hakumaliza mwaka. Gamaliel alikuja kuzika, akasimama mbali kwenye nyasi, mikono nyuma. Nilijipitisha mbele yake mara kadhaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaniuliza basi la Mwanza linaondoka saa ngapi. Akaenda, na huko akafia.

Nikadhani ndiyo basi, mpaka nilipostaafu nikarudi hapa Nyanga, nikaenda kushonesha gauni kwa fundi mgeni aliyehamia karibu na kanisa la Kilutheri. Tukaulizana ukoo na mwiko kama ilivyo desturi yetu, akanijibu mpaka jina la baba yake, nami nikaagiza gauni la pili papo hapo. Ndiye huyu Evelyne. Binti wa Gamaliel.

Sasa fungueni kabati lile, msione aibu. Mwili nina mmoja, magauni nina ya kwaya nzima. Mmekuwa mkinong'ona kwamba mama uzee umemtia wazimu wa vitenge. Nilikuwa nakwenda kupimwa kiuno! Kila gauni nilikaa pale kibarazani kwake nikingoja aulize. Nilitundika nanga ukutani kwangu, nikamwalika aje kuchukua vipimo hapa, nikijiuliza usiku kucha kama kutundika nako ni kudokeza. Aliingia, akaitazama, akageuza uso akasema, "Mama, inua mkono wa kulia." Nimewafungua vinywa wanasiasa, wachawi na mahakimu, nikashindwa na fundi cherehani.

Msidhani ni mtu asiyejali. Mwaka juzi mimba yake ilipoharibika tena nilikwenda kumpa pole, akaniambia bila kulia, akiwa anachambua maharage, "Mama, sisi tulishafungwa. Na aliyetufunga kwetu hatajwi." Mmeelewa? Anaamini babu yake alikufa amewalaani. Kila linalompata analiweka kwenye mlango wa yule mzee, na dawa ya hofu yake imelala chini ya kitanda changu. Siku ile nilitoka kwangu jioni, nikafika mpaka uani kwake na flashi hii kiganjani. Nilimwona kwa mwanga wa jiko, anapepeta kitu. Nikarudi. Niliumia, wanangu, nimeumia kuliko nilivyoumia kumzika baba yenu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninyi mtasema kwa wepesi, si ungemwambia tu. Lakini nilikula kahawa ya mtu. Kazi yangu yote ilisimama juu ya jambo hilo moja, kwamba mtu akiniambia hili weka, naweka. Nikilitoa la Rwegasira kwa huruma, basi hata siri za wale wengine wote nilizitunza kwa bahati tu.

Kwa hiyo huu ndio urithi mzito, na msiponiahidi huu mengine sijayasema. Omukago haufi na mtu. Evelyne ni dada yenu. Siku ya kunizika ataketi na mabinti wa nyumba hii, mkeka mmoja na Annastella, na watu wakishangaa waacheni washangae. Sanduku atalitunza Annastella, Mwijage hataligusa. Msimdokeze. Msimwonee huruma ya kusema, mwoneeni huruma ya kukaa naye. Mtembeleeni, mshonesheni nguo, mkae kibarazani pale bila haraka, na siku akiuliza, yeye au mwanawe akijaliwa, au yeyote wa damu ya Gamaliel aliyeko Mwanza, mpeni yote siku hiyo hiyo. Asipouliza… asipouliza, basi na watoto wenu wangoje. Mwijage, sema ndiyo. Nataka kusikia, si kutikisa kichwa. Haya. Na wewe Buberwa. Haya.

Naona pumzi inakuwa fupi. Kaburi langu liwe upande wa baba, si barabarani. Hotuba ziwe chache, na mtu akianza kusema nilikuwa mwanamke wa chuma, mwambieni akae. Wageni wapewe ndizi na nyama, na rubisi kwa wanaokunywa…

Annastella amekohoa. Nyamazeni.

Karibu, Evelyne mwanangu. Pole na jua. Iweke hapo mezani. Hapana, hujakatiza kitu, tunagawana magauni yako. Kaa. Mbona unanitazama hivyo?

Unasemaje? Rudia, masikio nayo yanaaga.

Kama naogopa.

Mmesikia anachoniuliza? Watu wangapi nimewauliza mimi, wafungwa, wajane, wagonjwa, na kamera nimeweka puani mwao. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi, hata ninyi niliowazaa. Ndiyo, mwanangu. Naogopa. Naogopa kama siku ya kwanza ile taa nyekundu ilipowaka na mdomo ukakauka. Hamu ni kubwa kuliko woga, ila woga upo, upo hapa kifuani. Nashukuru umeuliza. Nimepumua.

Lakini bado umesimama. Una jingine. Liseme, usilimeze… liseme tu.

Yesu na Maria.

Msikilizeni. Anasema alikuwa mtoto, yuko likizo Kimwani kwa mama yake mkubwa, akaiona gari yetu. Alijificha kwenye migomba akaniona nimekaa uani na babu yake. Nanga ilipoanza kulia akakimbia, kwa kuwa baba yake alikuwa amemwambia anayeisikia atapata wazimu. Anajua tangu siku ile, wanangu. Kila alipozungusha futi kiunoni mwangu alikuwa anajua kwamba mimi nilikuwapo, na aliogopa jibu. Mimi namngoja yeye, naye ananiogopa mimi. Njoo hapa. Acha kulia, au lia tu, lakini njoo. Rudia swali lako kwa sauti, wote walisikie, asije mtu akasema nilikudokeza.

Babu yako alikufa amewalaani?

Hapana, sitakujibu mimi. Mwenyewe yupo. Mwijage, sanduku… chini hapo, vuta. Fungua kitambaa. Kompyuta yako unayo, chomeka, wewe ni mtu wa kazi.

Wakati inafunguka inamisheni vichwa, maana sina uhakika na baadaye. Mungu aliyenipa masikio awape ninyi subira. Mpate watoto wanaouliza, na msiwafinye. Mkipewa la kutunza mlitunze, mkiulizwa la kweli mlijibu. Mlale bila deni la neno. Annastella, Mwijage, Buberwa… na Evelyne, binti yangu wa kahawa… mbarikiwe mikono na midomo. Amina.

Iko tayari? Peleka mbele. Mbele zaidi, mpaka mwisho, mimi siwezi kungoja babu zake wote leo… mtaianza upya baadaye, mkae kutwa. Hapo. Simamisha hapo, sasa iachie.

Huyo ndiye. Sogea, Evelyne, kaa kitandani, usiogope kunikalia miguu, siisikii tena. Hayo masikio si yako hayo? Anakaza uzi kwanza… kelele hizo za pembeni ni kuku wake… Niinueni kichwa kidogo. Sasa. Sasa anaanza. Lisikilize jina. Ni la baba yako, anamwita… anamwita kama mtu anavyomwita mtoto aliyezidi kucheza huko nje… giza linaingia… anamwita aje ale.